Lori Lililonyolewa Vitasa

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Mama mwenye mtoto, mnyonyeshe tu, sauti yake hainisumbui hata kidogo. Leo nimekuja na habari za lori. Naona wazee wa baraza mmeanza kutazamana. Ndiyo, lori. Mkinivumilia mtaona linakokwenda, na mkichoka mtaniambia pale mlangoni, kama kawaida yenu.

Palikuwa na mtu mmoja huko milimani, upande wa juu kabisa, kule ambako lami inafika mahali inachoka, inawaachia watu mawe na matope yao. Kazi yake ilikuwa kushusha magunia ya tangawizi sokoni. Lori lake alilirithi kwa baba yake. Siyo haya malori ya siku hizi yenye uso bapa. Lilikuwa la zamani, pua ndefu, taa mbili za mviringo, na mapambo mwili mzima: mikanda ya nikeli ubavuni kutoka taa ya mbele hadi nyuma ya mlango, herufi za chuma zilizosimama juu ya boneti, mfereji mdogo wa kukinga mvua juu ya kila dirisha, na vitasa vya milango vikubwa, vya kujaa mkono. Watoto wa kule walikuwa wakiambiwa wachore gari, wanachora lile.

Sasa sikilizeni desturi ya yule baba, maana mambo yote yamo humo. Yule mzee hakuwahi kufunga lori lake kwa ufunguo. Kule juu kuna baridi, na kuna haya. Mtu mwenye shida anaona aibu kubisha hodi kwa mwenye gari na kuanza kujieleza mbele ya familia ya watu. Basi wakazoea hivi: mwenye mgonjwa, mwenye msiba, mwenye uchungu wa kuzaa, anakuja asubuhi mapema, anavuta kitasa, anapanda, anaketi kile kiti cha pembeni ya dereva. Anakaa kimya, kichwa ameinamisha. Mzee akitoka na kikombe chake cha chai akaona kuna mtu ndani, hakuuliza neno. Alimaliza chai yake, akapanda, akawasha. Wakishapita kona ya kwanza ndipo yule mtu anafungua mdomo: "Baba, ni tumbo hili." Au, "Baba, ni mke wangu, tumpitie." Tangawizi ikasubiri.

Hakuna kamati. Hakuna mwenyekiti wala katibu. Mimi kila nikiifikiria desturi hii mwili unanisisimka. Kile kitasa cha upande wa abiria, chuma kizima, kilikuwa kimelika kwa ndani hadi kimekuwa chembamba. Kimelika na nini? Na mikono, ndugu zangu. Mikono tu ya watu wenye shida, mmoja baada ya mwingine, miaka nenda miaka rudi.

Mzee akafa, mwanawe akashika usukani. Mwanzoni alifanya vilevile kama baba yake, na watu wakamshukuru Mungu. Lakini moyo wa binadamu mnaujua. Ukaanza kuchoka. Akitoka asubuhi anakuta matope kwenye kiti. Siku nyingine anakuta maganda ya ndizi. Siku nyingine anakuta mtu amejikunja kwa maumivu, wakifika mjini yule mtu anashuka anakwenda zake harusini, mzima kama mimi. "Wananifungulia mlango kama wa choo cha stendi," akawa anamlalamikia mke wake. Na tusimhukumu haraka. Wewe ukipigiwa simu ya shida mara ya pili kwa wiki moja, unapokea?

Basi siku moja, mjini, ameshashusha mzigo, akaona lori. La zamani kama lake, pua ileile ndefu. Lakini lilikuwa limenyolewa! Mikanda hakuna. Herufi hakuna. Vitasa hakuna. Mwili laini mtupu kutoka mbele hadi nyuma, na jua linateleza juu yake halipati pa kutua. Yule bwana akasimama katikati ya njia mdomo wazi. Bajaji zikampigia honi, hasikii. Machozi yalimlengalenga, na mimi sitaki mmcheke. Uzuri ni uzuri, na mtu anayetetemeka mbele ya kitu kizuri bado ana moyo ndani. Aliporudi mlimani hakuliona tena lori la baba yake kama zamani. Aliona manundu tu.

Akalipeleka kwa fundi wa bodi. "Linyoe," akamwambia. "Nataka mkono upite kutoka taa hadi nyuma usikwame popote."

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi, anapenda kazi na anapenda kusikilizwa. Akalizunguka lori, akagonga hapa, akagonga pale.

"Mzee, faida zipo, sikufichi," akasema. "Hii mikanda yako inang'aa kwa nje, ila nyuma yake maji yanalala. Tazama." Akapenyeza bisibisi chini ya mkanda, akaubenua, na unga wa kutu ukamwagika hadi chini. "Umeona? Nikiitoa yote nikaziba matundu, kutu itakosa maficho. Kuosha nako, unapitisha kitambaa, umemaliza. Na sura! Hapo mimi sisemi, utasema mwenyewe."

"Na hasara?"

"Hasara zipo. Bati likiona moto linajikunja, ndipo napiga puti kujaza mabonde. Sasa puti na mawe ya kwenu huko juu havipatani, nikiiweka nene itapasuka. Kisha nikishakata nimekata, kurudisha ni kutoboa upya. Na wapo watakaokuambia umeua asili ya lori, limekuwa sura moja na mengine yote. Hayo ni yako wewe kuamua." Akashika kile kitasa kilicholika, akakivuta, mlango ukafunguka taratibu. "Na vitasa navyo?"

"Hivyo ndivyo vya kwanza."

"Mlango utafunguka kwa nini?"

"Kwa rimoti. Nimeuliza mjini. Unabonyeza, mlango unaruka wenyewe."

Fundi akacheka. "Hiyo ninaiweza. Lakini asiye na rimoti je?"

"Asiye na rimoti," akasema yule bwana, "ana shughuli gani na mlango wangu?"

Haya, mmesikia. Fundi ana familia ya kulisha, akachukua kazi. Jioni mke wa yule bwana alipopata habari, aliacha kuchambua mchele, akaja akasimama mbele yake.

"Baba Elisifa, mikanda sawa, itoe, imeoza. Lakini mgonjwa akija asubuhi ataingilia wapi?"

"Atabisha hodi nyumbani kama watu wengine."

"Hawatabisha. Wewe umezaliwa hapa. Unajua hawatabisha."

Akachukua kofia yake, akatoka nje. Alijua. Alijua vizuri sana, na ndiyo maana alitoka.

Kazi ikaisha. Jamani! Sijui niwaelezeje lile lori. Rangi yake ilikuwa kijani, ile ya jani la mgomba mvua ikishapita. Hakuna mstari, hakuna skrubu, hakuna nundu. Lilipopanda mlima siku ile watu waliacha majembe. Akina mama walijiona ubavuni mwake, wakatengeneza vilemba vyao palepale. Mzee mmoja alivua kofia, sijui alidhani linapita jeneza au linapita mfalme. Na yule bwana, ndani, mikono juu ya usukani, moyo unamdunda kwa furaha. Akasema kimoyomoyo, Baba angeliona hili! Alimpenda baba yake, msidhani vinginevyo. Alidhani anamheshimu.

Wakati rangi bado changa, alitoka asubuhi moja na kikombe chake cha chai. Akamkuta mama mmoja amesimama ubavuni mwa lori, mtoto mgongoni. Alikuwa anapapasa mlango kwa kiganja. Anapandisha mkono, anashusha, anarudia. Mtoto alikuwa anapumua kwa shida, na pumzi yake ilisikika hadi barazani.

"Baba," akasema yule mama, "mlango uko wapi?"

"Usiguse, mama. Rangi hiyo inashika alama."

Yule mama akauondoa mkono haraka, akaufuta kwenye kanga kana kwamba ndio wenye makosa. "Nisamehe, baba. Nilikuwa natafuta pa kushika."

Akangoja. Hakuomba. Kule kwao hawaombi, wanaketi, na siku ile hapakuwa na pa kuketi. Yule bwana akatazama kikombe chake. Rimoti ilikuwa mfukoni, angeibonyeza tu. Badala yake akasema, "Leo silishushi, mama. Nalitunzia Jubilei ya usharika." Yule mama akaitikia, "Sawa, baba, asante," akateremka mlima kwa miguu. Mtoto alipona, ninyi mnaovuta pumzi huko mbele, tulieni, alipona. Lakini aliponea mgongoni mwa mama yake, kwenye mawe, na lori liko nyumbani linang'aa. Baada ya siku ile hakuna aliyekuja tena. Asubuhi zikawa kimya, na yule bwana akajiambia kwamba hatimaye watu wamestaarabika.

Jubilei ya usharika ikafika. Msafara wa magari ulipangwa kutoka kanisa la zamani bondeni kupanda hadi kanisa jipya, askofu yumo, kwaya zimo, na lori lake ndilo litangulie. Alikuja mapema akaliegesha uwanjani mbele ya kanisa. Akazungushia kamba watu wasisogee. Akapanda ndani, akapandisha vioo mpaka juu vumbi lisiingie, akafunga milango, akaketi kwenye usukani na suti yake, kumngoja askofu.

Watu wakajaa. Walisimama nje ya kamba wamelizunguka lori, wengine wameshika simu, wengine mikono vifuani, wanalitazama kama kitu kikubwa kuliko wao. Yule bwana aliwatazama kupitia kioo. Akajiona amefika.

Ndipo akasikia ganzi kwenye vidole vya mkono wa kulia. Akadhani ni usukani, kaushika sana. Akataka kutoa leso ajifute jasho, mkono ukakataa. Haukuuma. Ulikataa tu, kama mkono wa mtu mwingine uliolazwa mapajani mwake. Mguu nao ukakataa. Akataka kumwita mke wake, ulimi ukalala mdomoni. Rimoti ilikuwa mfuko wa kulia, chini ya ule mkono uliokufa. Kitasa cha ndani kilikuwa kulia. Kila kitu kilikuwa kulia, ndugu zangu, na kulia kwake kulikuwa kumekwisha. Kichwa kikamwinamia kifuani polepole.

Na watu? Watu walikuwepo. Uwanja mzima ulikuwa umejaa watu wanaomtazama!

"Mzee leo hasalimii," mmoja akasema.

"Muache bwana, anamngoja askofu."

Wakacheka, wakapiga picha. Aliwasikia wote. Alisikia jina lake, akasikia watu wanabishana kama rangi ile ilipigwa mara ngapi. Alikuwa anazama mbele ya macho yao, na wao wanaona suti, usukani na kioo kinachong'aa. Walidhani anaringa, maana ndivyo walivyomzoea siku za karibuni. Mnaweza kufikiria? Kufa katikati ya watu wanaokusifu!

Alikuwepo yule mama pia. Amesimama nyuma ya kamba, mtoto wake mzima mgongoni anatafuna kipande cha muwa. Yeye lori hakulitazama. Lori lile aliwahi kulipapasa lote, hakuwa na la zaidi la kuona. Alimtazama mtu aliyemo ndani. Akaona kichwa kilivyoinama, na mabega yalivyolegea. Yeye mwenyewe aliwahi kuketi hivyo mle ndani, enzi za yule mzee, na mama yake kabla yake. Akawageukia wenzake.

"Yule haringi," akasema. "Yule anaomba kupelekwa."

Akainama, akapita chini ya kamba.

Alikwenda mlangoni, akaweka kiganja, akapapasa. Wengine wakaona, wakaelewa, wakamfuata. Ghafla lori zima likawa limejaa mikono. Mikono mlangoni, mikono kwenye kioo, mikono ubavuni, inatafuta pa kushika, na kila mmoja unateleza. Yule bwana ndani aliinua macho, kwa sababu macho yalikuwa bado yake, akaona viganja vimebanwa juu ya kioo mbele ya uso wake. Na akavitambua! Kile chenye kovu ni cha mwanamume aliyeketi kiti hiki mwaka ule mkewe alipozidiwa na uchungu. Kile kilichopinda kidole ni cha bibi aliyekuja siku ya msiba wa mwanawe. Walikuwa wamekaa hapa wote. Hakuna kiganja hata kimoja kati ya vile ambacho hakikuwahi kuvuta kile kitasa. Mwili ukamsisimka hadi ule upande uliokufa, ndivyo alivyosimulia mwenyewe baadaye, na daktari aamini asiamini.

"Vunjeni kioo!" mtu akapiga kelele.

"Kioo cha mzee? Lori hili?"

"Utamwambia nini akiamka?"

"Tutafuteni rimoti!"

"Rimoti anayo yeye!"

Wakasimama. Ndiyo, walisimama. Watu wema, watu wanaompenda, mikono tayari, na hakuna aliyethubutu kuliharibu, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba lori haliguswi. Yeye ndani anapiga kelele, Vunjeni, vunjeni jamani, vunjeni! Na mdomoni hakitoki kitu.

Mnajua yale mawe tunayopaka chokaa tukayapanga kando ya njia ya kanisa? Yule mama alikwenda akang'oa moja. Akazunguka upande wa abiria ili vipande visimpate. Akasimama, akamtazama yule bwana kupitia kile kioo.

"Baba," akasema, "nisamehe."

Akapiga.

Ngojeni kidogo. Nani aliomba msamaha hapo? Aliyenyimwa mlango, au aliyemnyima? Mimi nimehubiri miaka mingi na sijui kama ninaweza kuielewa habari hiyo mpaka mwisho.

Kioo kikapasuka, akapiga tena, kikashuka. Mkono wake ukaingia, ukatafuta kitasa cha ndani, mlango ukafunguka. Na mikono yote iliyokuwa imekosa njia ikaingia pamoja. Walimshika mabega, mgongo, miguu, kichwa. Ilikuwa mikono mingi kiasi kwamba hakuhisi uzito wake mwenyewe, na miguu yake haikugusa ardhi. Walimpitisha juu ya ile kamba yake aliyoifunga, mkono kwa mkono. Gari la askofu ndilo lililokuwa karibu, mlango wake wazi. Wakamlaza humo, askofu na joho lake akajibana kwenye kona, mke wa yule bwana akapanda akilia, na msafara wote ukageuka kumfuata hospitalini. Jubilei ikangoja. Yule bwana alikuwa analia, nusu ya uso inalia na nusu imetulia. Hakuwa analia kwa maumivu. Alikuwa ameona kitu ambacho baba yake alikiona kila asubuhi akiwa na kikombe chake cha chai, na kilikuwa kikubwa kuliko lori.

Alipona, ila si wote. Mkono wa kulia ukabaki mzito, maneno yakawa yanatoka moja moja. Siku alipoweza kutembea kwa fimbo alimwomba mpwa wake alipeleke lori kwa fundi.

Fundi akatazama kile kioo kilichovunjika, akasikitika. "Nitaweka kingine, mzee, hutaona hata alama. Na mikanda turudishe?"

Akatikisa kichwa. Mikanda hapana, ilikuwa na kutu kweli. Akaweka kidole mlangoni, juu ya ile rangi ya kijani isiyo na doa.

"Kitasa," akasema.

"Mzee, hapo nitatoboa. Rangi itaharibika, haitarudi ilivyokuwa."

"Toboa."

Vitasa vya zamani vilikuwa vimeshauzwa kama chuma chakavu. Fundi akapata kimoja cha lori jingine, na kimoja kilitoka kwenye gari la maziwa. Havifanani hata kidogo. Leo ukiliona lile lori utasema mwenye gari hana macho.

Sasa sisi.

Sisi tumejinyoa, ndugu zangu. Na fundi hakukosea, faida zipo. Kuna mikanda mingi tuliibeba inang'aa kwa nje na nyuma yake kutu inalala: vyeo vyetu, majina yetu, viti vyetu vya mbele. Hiyo inyoeni, inyoeni wala msiombe ruhusa. Lakini tuliposhika msasa hatukujua pa kuacha. Tumeondoa na vitasa. Mke anazunguka ubavuni mwa mume wake mwaka mzima, anapapasa, hapati pa kushika. Mtoto ana jambo zito, anamtazama baba yake anavyong'aa, anakosa pa kuanzia. Jirani anasimama nje ya maisha yako anakusifu. Na wewe ndani umeinamisha kichwa.

Tena sisi watu wa kanisa ndio mafundi wakubwa. Tunajua kupiga puti! Mtu anakuuliza, "Habari za kwako?" Unamjibu, "Namshukuru Mungu." Laini kabisa, mkono unapita haukwami. Ndoa inavunjika: namshukuru Mungu. Damu imepimwa, majibu ni mabaya: namshukuru Mungu. Mtoto hajalala nyumbani tangu juzi: namshukuru Mungu, tunaendelea vizuri. Unadhani Mungu anapenda shukrani ya namna hiyo, ya kuwafungia watu nje?

Yule bwana alipata mtu wa kumvunjia kioo. Si kila mtu anampata. Wapo waliofia viti hivi hivi mnavyokalia, tukiwatazama, tukisema leo hasalimii.

Sitaomba bado, na kwaya msisimame. Mgeukie mtu aliye karibu nawe. Usimwambie unamshukuru Mungu. Mwambie panapouma. Sisi wengine tutangoja.